Kiwanjani hatulipii pombe, tunalipia mashahidi

Tuanze na bei maana ndo sehemu isiyo na siri. Chupa ya Hennessy ukiinunua duka la vinywaji la mtaani kwako, ukaenda kuinywa nyumbani na masela huku mnacheki mechi, ina bei yake. Chupa hiyohiyo ikivuka mlango wa kiwanja cha maana, yani klabu ya usiku, Masaki au Mikocheni inakuwa mara mbili, sehemu zingine mara tatu, na watu wanalipa bila kuuliza. Ukimdadisi mtu atakwambia analipia mziki, AC, ulinzi, mazingira. Sawa, ila yule jamaa aliyesimama kaunta na Serengeti Lite moja tangu saa tano usiku anasikia mziki uleule na AC inampuliza vilevile, sasa ile laki na ushee ya juu inaenda wapi?

Angalia chupa inavyofika mezani. Wahudumu watatu wanne wamepanga mstari, wa mbele kanyanyua chupa juu imechomekwa fataki, wa nyuma kabeba kibao cha taa kina jina la mwenye meza, dijei anakata wimbo katikati anapachika kile kipande cha shangwe, emsii anataja jina mara tatu nne. Na hawapiti njia fupi. Meza iko hatua kumi kutoka kaunta lakini msafara unazunguka kwanza ukumbi mzima, unapenya katikati ya wanaocheza, unapita mbele ya meza ya jamaa wengine ambao nusu saa iliyopita walikuwa wao ndo wanapigiwa makofi, ndo unafika. Hela imeenda hapo, kwenye shingo za watu kugeuka.

Na zikishaisha haziondolewi. Kibongobongo chupa tupu kubaki mezani ina sababu yake ya kawaida, grosari yoyote ukienda wanaziacha ili bili ikija mhesabu wote pasiwe na ugomvi. Ila kiwanjani jaribu kumwangalia mtu mhudumu mgeni anapotaka kuzoa chupa zake tupu, anavyomkemea "acha hapo dada", utadhani kaibiwa. Meza inatakiwa ichafuke, na ikishachafuka inapigwa picha.

Wachambuzi wengi wa haya mambo, wakiwemo wazee wetu na wale vijana wa kuhamasisha mafanikio mtandaoni, wanaishia kusema huu ni ufeki, vijana wanafoji maisha, kwao hawana hata geti. Mi naona hoja hiyo ni ya kivivu. Mtu anayedanganya anahitaji wa kumdanganya, na pale ndani hakuna anayedanganyika. Wote tunajuana. Yule wa meza ya pembeni anajua kabisa kwamba mwenye kibao cha taa anakaa Kimara chumba kimoja na sebule, na mwenye kibao anajua kuwa anajulikana, na bado shingo zinageuka na makofi yanapigwa. Ni mchezo ambao mcheza na mtazamaji wameshakubaliana, leo zamu yako, mwisho wa mwezi ujao zamu yangu.

Waivory Coast hili walilifanya hadharani kabisa bila aibu. Miaka ya 2002 na 2003, nchi yao ikiwa imeingia vitani, vijana wao waliokuwa Paris wakiongozwa na marehemu Douk Saga walianzisha mtindo wa coupé-décalé, wanaingia klabu na suti za bei mbaya na sigara kubwa wanamwaga noti juu ya watu, na kila mtu Abidjan alikuwa anajua hao sio mabosi wa kampuni yoyote. Hakuna aliyedai risiti. Walishangiliwa kwa namna walivyoufanya huo ubosi, sio kwa kuwa nao.

Na hapa kwetu hiki kitu hakikuja na bongo fleva wala Instagram. Rudi nyuma mpaka kwenye beni, zile ngoma za tarumbeta na gwaride zilizoanzia mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 zikashuka mpaka Dar, zikaenda bara mpaka Kongo. Kulikuwa na Marini na Arinoti, pande mbili zinazoshindana, kila upande una vyeo vyake, kingi, kwini, jenerali, na sare za kufanania za jeshi la mzungu. Mchana wengi wao ni makarani, makuli, maboi wa nyumbani, jioni mtu ni jenerali anapigiwa saluti na watu anaowajua kwa majina. Yakifika mashindano watu walikuwa wanamwaga hela kwenye nguo na karamu ili upande wa pili uaibike, na wazee walilalamika vilevile kama wanavyolalamika leo, kwamba vijana wanamaliza mali kwa upuuzi.

Dansi nalo lilikuwa na maonyesho yake. NUTA Jazz ilianza 1964, baadae ikaja kuwa Juwata mpaka leo ni Msondo Ngoma, na 1978 ikaja Mlimani Park na Sikinde yake, na mji ukagawanyika kama Simba na Yanga. Ukisema we ni mtu wa Sikinde umeshasema mengi, unavaaje, unakaa na nani, unachezaje. Hapo kwenye unachezaje nataka tukae kidogo, kwa sababu ukumbi wa DDC Kariakoo au TCC Chang'ombe ulikuwa na njia ya kuonekana ambayo haikupita kwenye pochi. Fundi cherehani anayejua kuserebuka akiingia uwanjani watu wanampisha. Alikuwa na jina, na jina lile hakulinunua, alilitolea jasho, na mwenye gari nje hakuwa na namna ya kumzidi zaidi ya kujifunza kucheza na yeye.

Upande wa taarab kinamama walikuwa na yao, na kwa maoni yangu hawa ndo mabingwa wa mchezo wote. Dada anasubiri ubeti. Hanyanyuki hovyo, anakaa na wenzie wamevaa sare, wimbo unaenda, ukifika ule mstari unaomlenga jirani yake au mke mwenzie ndo ananyanyuka, anatembea polepole kiuno kinaongea, noti juu kaishika kwa vidole viwili watu wote waione, anamtunza mwimbaji huku uso kaugeuzia upande mwingine kabisa, kule anakotaka ujumbe ufike. Noti yenyewe inaweza kuwa ndogo tu. Miaka ya tisini vikundi vya taarab vya TOT na Muungano walipokuwa wanarushiana mipasho, Khadija Kopa huku Nasma Khamis kule, kumbi zilijaa watu waliokuja kuangalia nani atatunza wapi kuliko waliokuja kusikiliza ala. Shahidi alikuwa mmoja na anajulikana kwa jina, yule mlengwa, na wengine wote walikuwa mashahidi wa kwamba ujumbe umefika.

Halafu wakaja mapedeshee, wale jamaa wa kumwaga hela kwenye bendi. Waliokuwa wanatoka miaka ya 2000 wanaukumbuka ukumbi wa Mango Garden pale Kinondoni na bendi za Twanga Pepeta, FM Academia wazee wa Ngwasuma, Akudo Impact, na wanakumbuka ilivyokuwa, wimbo mmoja unaweza ukatajiwa majina ya watu kumi, fulani mtoto wa fulani, papaa nani, mzee wa wapi. Ule mtindo wanamziki wa Kikongo walikuja nao, kwao Kinshasa wanaita mabanga, unalipa unatajwa, na tajiri wa almasi au mwanasiasa anaingia kwenye kumbukumbu za nchi kupitia rumba. Hapa Dar ulishika vibaya sana. Pedeshee anafika ukumbini na kundi lake, bendi inasimamisha wimbo inamwimbia, anatembea mpaka jukwaani anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Bendi zikaanza kuishi kwa hela hizo zaidi ya kiingilio, na hapo ndo zilijiloga, kwa sababu ikifika mahali mwenye ukumbi, mpiga gitaa na mwimbaji wote wanamtazama mtu mmoja aliyekaa meza ya mbele, wale mia tatu waliolipa kiingilio wanageuka mapambo.

Ilipofika 2016 vyuma vikakaza, hela ya ujanjaujanja ikaanza kuulizwa imetoka wapi, mapedeshee wakapotea mmoja mmoja, wengine wakasikika mahakamani. Mwaka huohuo ndo Bilicanas ilifungwa, klabu ambayo kwa kizazi kizima kuingia tu ulikuwa umeshatoka kwenye ushamba. Bendi zikadhoofika, klabu za dijei zikashika, na dijei hana mwimbaji wa kumbandika noti usoni.

Sasa ile kazi ya kutaja jina nani anaifanya? Kibao cha taa, emsii, na chawa. Chawa tunawacheka lakini tuangalie kazi yenyewe, ni yule mwimbaji wa bendi aliyetolewa gitaa akabaki na sifa peke yake. Anakaa mezani anakunywa bure, kazi yake kushangaa kwa sauti. Bosi akiagiza chupa ya tatu chawa anasimama juu ya kochi. Na anashika simu.

Simu ndo imebadilisha kila kitu na naona hatujalichambua hili vya kutosha. Zamani shahidi alikuwa mle ndani, ilibidi uwe na kitu cha kumpa aliyeko mle ndani, uchezaji, nguo, mzaha, hata ugomvi. Sasa hivi shahidi yuko kitandani kwake Tabata anaangalia status. Ndo maana ukiingia klabu nyingi za leo saa saba usiku unakuta watu wamesimama kuzunguka meza wanatikisa kichwa kidogo, mkono mmoja glasi mwingine simu, sehemu ya kucheza imepunguzwa ziwekwe meza zaidi maana meza ndo inalipa. Vijana wanne wameungana chupa moja, kila mtu kachangia yake, wamekunywa Konyagi au K-Vant getoni, chumbani kwa mmoja wao, kupasha kabla ya kutoka ili ile moja isiguswe haraka. Ndoo ya barafu, Red Bull mbili, chupa imegeuzwa lebo iangalie kamera. Wanamiminiana vidogovidogo kama dawa ya kikohozi. Video zinapigwa zote ndani ya dakika ishirini za mwanzo, chupa ikiwa imejaa, kila mmoja kwa zamu yake akiwa kashika yeye, na usiku uliobaki ni kusubiri muda wa Bolt ishuke bei. Kama wameenjoi? Nadhani walienjoi getoni.

Mlangoni nako kumebadilika. Baunsa siku hizi hakagui silaha tu, anakagua kama utapendeza kwenye video za watu. Malapa hapana, kaptula hapana, jezi hapana, halafu anasogea mzungu na malapa yake ya ufukweni na kaptula imepauka chumvi na anapitishwa. Nimeshasimama foleni sehemu moja hapa mjini, sitaitaja, jamaa yangu kavaa ndala za ngozi nzuri tu akaambiwa arudi, na mgeni wa malapa akaingia mbele ya macho yetu, tulipouliza tukajibiwa "huyo ni memba". Nairobi 2022 hili lililipuka kabisa, video ya foleni ya klabu moja ya Westlands ikasambaa watu wakilalamika kwamba mistari imegawanywa kwa rangi, na mjadala ukachukua siku kadhaa. Watu walikasirika kwa haki, ila ukitulia utaona mantiki ya biashara yenyewe, klabu inauza mashahidi kwa hiyo inachagua mashahidi wenye thamani, na nani ana thamani machoni petu ni swali ambalo hatukulianzisha sisi mlangoni.

Kinadada ndo wako mahali pagumu zaidi. Wanaingizwa bure kabla ya saa sita, promota anawapigia simu waje, kwa sababu meza ya wanaume sita peke yao hata ikiwa na chupa nane inaonekana kikao cha harusi. Wao ndo shahidi mkuu na pambo kwa wakati mmoja, na wakishamaliza kutumika hivyo jamii hiyohiyo inawauliza walikuwa wanafanya nini kule. Juni 2024 wilaya ya Ubungo iliendesha msako wa usiku, wanawake wakakamatwa kwa madai ya kujiuza, wanasheria na watetezi wa haki wakapinga, na katika mabishano ya mtandaoni kilichonishangaza ni namna mavazi na saa vilivyotosha kuwa ushahidi kwa wengi. Mwanaume aliyevaa kwa ajili ya kuonekana anaitwa mtoto wa mjini. Dada aliyevaa kwa lengo lilelile anatafutiwa danga wake, yani mwanaume anayemhonga, ni nani.

Ndo maana mi napenda sana kuangalia meza za birthday za kinadada waliojilipia wenyewe. Wako sita saba, sare au rangi moja, wamechangishana kwenye grupu la WhatsApp tangu mwezi uliopita kama mchezo wa kawaida wa kupeana, mweka hazina yupo na pochi kaikumbatia. Chupa ikija na fataki wanapiga kelele wenyewe hawasubiri emsii. Hawa wanacheza. Sijui kama umeshaona, ukumbi mzima umesimama kama mlingoti halafu kona moja kuna wadada wanacheza mpaka viatu vimevuliwa, na jamaa wa meza ya VIP wanarekodi wao. Nyuma yao naiona ile sare ya taarab na yule dada wa noti juu, ila safari hii hakuna anayepigwa kijembe, au labda yupo na anaangalia status, hilo siwezi kulikataa.

Kuna kingine kinachochekesha. Singeli, mziki wa Manzese na Tandale, wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, ule uliokuwa unaitwa wa kihuni na wazazi wa ushuani hawataki kuusikia, sasa unapigwa Masaki. Lebo moja ya Kampala ilianza kuutoa nje mwaka 2017, Wazungu wakaupenda, na uliporudi umeshapata viza. Ikifika saa nane usiku dijei anaingiza singeli na mtoto wa mshua aliyesoma shule za kulipia kwa dola anainama anajaribu kucheza kama kakulia Mburahati, anakosea lakini anashangiliwa. Wakati huohuo kijana wa Mburahati yuko Sinza kavaa miwani usiku anaongea Kiingereza cha kuungaunga na mhudumu. Wote wawili wameenda kuigiza nyumba ya mwenzie. Tofauti ni kwamba yule wa ushuani akikosea ni utani, huyu wa Mburahati akikosea kutamka jina la kinywaji meza nzima inamcheka wiki nzima.

Kwahiyo swali la "kwanini wanafoji" halinipeleki popote. Swali ninaloliona lina faida ni nani anapata nini kutoka kwa mashahidi aliowalipia, maana hawapati sawa. Dalali wa magari, wakala wa viwanja, msanii anayechipukia, promota, jamaa wa simu pale Kariakoo anayechukua mzigo kwa mali kauli, hawa jina ndo mtaji. Akionekana anamwaga Ijumaa, Jumatatu kuna mtu atamwamini na gari lake aliuze, kuna tajiri atampa mzigo alipe akishauza. Ile chupa kwake ni gharama ya tangazo na anaijua hesabu yake vizuri kuliko tunaomshauri. Mapedeshee wengi walikuwa hivyohivyo, kutajwa kwenye wimbo wa Ngwasuma kulikuwa kunafungua milango ya mikopo ambayo benki isingefungua.

Mwenye kuumia ni mwajiriwa. Huyu mshahara wake umeandikwa, hautapanda hata aonekane na chupa kumi, mle ndani hana mteja hata mmoja, na ile laki tatu imetoka kwenye mkopo wa kausha damu wa kulipa kila siku. Mashahidi wake ni wafanyakazi wenzie, mwenye nyumba anayemdai kodi ya miezi miwili, na bosi. Na huwa anasahau kumficha bosi kwenye status. Kwahiyo tarehe kumi na mbili anapopeleka barua ya kuomba advansi kwa sababu mama anaumwa, anayeipokea ni mhasibu aliyeiangalia ile video ya fataki mara mbili, ya pili akiwa anamwonesha mwenzie.